Udi wa misumari na udi wa fangasi, upi afadhali?

Hapa Lamu harusi bila udi kwenye chetezo si harusi, lakini wengi wetu hatujui ule ukuni unapatikana vipi. Mti wenyewe, Aquilaria wa huko Asia, ukiwa mzima mbao yake nyeupe tu haina harufu yoyote, mpaka uumie ndo unatoa utomvu mweusi wa kujikinga, na huo utomvu ndo udi.

Sasa wakulima wa Vietnam, Indonesia na kwingineko wengine wanapiga shoka au misumari wanasubiri, rahisi kweli, hakuna dawa ya kununua, ila utomvu unakaa palepale kwenye kidonda na miaka inapita, na miti mingine inakupa kidogo mno mpaka unajuta.

Fangasi ni kitu kingine. Unatoboa shina kwa drili, unapiga sindano ya maji yenye fangasi kama Fusarium, mti unadhani umevamiwa (na umevamiwa kweli, maskini) basi unatoa utomvu sehemu kubwa zaidi na mapema zaidi. Ubaya wake gharama, halafu fangasi asiyefaa anaozesha shina, na fangasi akiwa dhaifu mti hausikii kitu.

Mimi ningekuwa na shamba ningechukua fangasi. Ule wa msituni naona tuuache, Aquilaria zote ziko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2005. Bibi yangu lakini atakwambia udi wa sindano hauna roho, na yeye pua yake haidanganyiki.