Marhamu ya kalsipotrioli na betamethasoni: tathmini baada ya miezi mitatu

Nimeishi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba, kwenye viwiko, magoti na utosi kwa miaka tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijitibu kwa kubahatisha. Duka moja la dawa huko Kariakoo liliniuzia, bila cheti wala swali, krimu iliyochanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Muwasho ulitulia wiki mbili, kisha magamba yakarudi mazito kuliko mwanzo. Soriasisi si fangasi wala haiambukizi. Kinga ya mwili ndiyo inayoisukuma ngozi ijizalishe kwa siku chache badala ya takriban mwezi mmoja, na magamba yakarundikana.

Marhamu hii niliandikiwa na daktari wa ngozi, Upanga. Betamethasoni, ambayo ni steroidi kali, hutuliza uvimbe, na kalsipotrioli, ambayo ni ya jamii ya vitamini D, hupunguza kasi ya seli za ngozi. Nilipaka mara moja kwa siku kwa wiki nne, kipimo cha ncha ya kidole (marhamu iliyokamuliwa kutoka ncha hadi kiungo cha kwanza) kikitosha eneo la viganja viwili. Wiki ya kwanza sikuona badiliko lolote. Kufikia ya tatu viwiko vilikuwa vimelainika kiasi cha kuvaa mikono mifupi kwenye daladala bila kujificha. Madoa meusi yalibaki, jambo la kawaida kwa ngozi nyeusi, nayo hufifia polepole.

Kasoro yake kubwa ni mnato. Kwa joto la Februari hapa Dar inashika shuka, na utosini haivumiliki, hivyo huko nimerudia shampuu ya lami. Usoni na kwenye mikunjo sikuithubutu, kwa kuwa steroidi kali hukondesha ngozi na kuacha michirizi (waliowahi kutumia mkorogo wenye klobetasoli, steroidi nyingine kali, wanaifahamu hasara hiyo). Sasa napaka wikendi tu, siku nyingine mafuta ya mgando.

Kwa aliyeenewa na soriasisi mwili mzima, marhamu pekee haitoshi: kuna tiba ya mwanga wa UVB (aina ya miale ya urujuanimno), inayodai kwenda kliniki mara mbili au tatu kwa wiki, na foleni ya Barabara ya Morogoro haina huruma; kuna pia methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inayomezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, huku damu na ini vikipimwa. Kwa viwiko na magoti yangu, tyubu ya pili nimekwisha kuinunua.