Vishikwambi 20 kwa Darasa la Wanafunzi 68: Tathmini ya Huduma ya Masomo ya Kidijitali

Shule yetu ya sekondari ya kata, iliyo upande wa Tukuyu wilayani Rungwe, ilijiunga mwezi Januari na huduma ya masomo ya kidijitali ya kampuni ambayo sitaitaja. Tulipokea vishikwambi 20, kabati la kuvichajia na programu ya masomo ya sayansi. Nimeitumia kufundisha Biolojia, na ninawaandikia wakuu wa shule wanaofikiria kuinunua.

Masomo yenyewe yameandaliwa vizuri. Video ya mzunguko wa damu inaonyesha vali za moyo zikifunguka na kufunga kwa namna ambayo chaki haiwezi kabisa kuonyesha. Ugumu unaanzia kwenye kipindi, ambacho kina dakika 40 tu. Kutoa vishikwambi kabatini, kuvigawa kwa wanafunzi watatu watatu au wanne wanne na kuingiza nywila kulichukua dakika 14 siku ya kwanza nilipopima kwa saa, na hata tulipozoea hazikushuka chini ya 9, mbali na zile za kuvikusanya na kuvihesabu. Umeme ukikatika usiku, jambo la kawaida huku wakati wa mvua, asubuhi nusu yake havina chaji. Kwa sababu hiyo nililazimika kuandaa kila somo mara mbili, la kishikwambi na la ubaoni, na kazi hiyo ya ziada haimo popote katika mkataba.

Lugha nayo ni kikwazo. Msimulizi anazungumza Kiingereza cha haraka, ilhali mwanafunzi wa kidato cha kwanza ametoka kusoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, hivyo nilikuwa nasimamisha video kila baada ya sentensi mbili ili nifafanue. Mafunzo kwa walimu yalikuwa ya Jumamosi moja, tena kwa walimu wawili tu, na mwenzangu amekwisha kuhamishwa.

Haya hayakuanzia Rungwe. Nchini Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu shule 319 za msingi za vijijini haukuona maendeleo yoyote katika alama za hisabati na lugha. Naamini wauzaji wengi huzungumza na wanaolipa, wasiketi hata wiki moja nyuma ya darasa kumtazama anayefundisha, na hapo ndipo vifaa vizuri vinapopotea bure.

Tangu Septemba ninatumia kishikwambi kimoja tu, nikikiunganisha na projekta ya shule, kazi inayochukua dakika 3. Ninaisimamisha picha ya moyo, kisha mwanafunzi anapita mbele kuchora njia ya damu kwa chaki nyekundu na ya bluu, na darasa zima linamsahihisha. Vingine 19 vimo kabatini, na ada ya mwaka tumeilipia vyote 20.