Kitabu cha picha za 3D: moyo umetufaa, utumbo hapana

Nilikipata kule River Road kwa shilingi 850, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanza na elfu moja na mia mbili. Ni kitabu cha sayansi cha gredi ya sita. Ukifungua kurasa, viungo vya mwili vinainuka, na moyo unachomoka kabisa ukaushika mkononi.

Huo moyo ndio ulionifanya nitoe pesa. Kwenye kitabu cha kawaida mchoro ni wa mtu anayekutazama, kwa hivyo upande wa kushoto wa moyo uko kulia kwa karatasi. Binti yangu alikuwa akipeleka damu kombo kila mara, chafu mwilini, safi mapafuni. Siku ya kwanza aliutoa, akaugeuza, akaubandika kifuani. "Kumbe ni kushoto kwangu mimi, Mama!"

Halafu akaniuliza mbona chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene kuliko mwenzake. Hilo hata mimi sikuwahi kuliona. Tukasoma: cha kulia kinasukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani; cha kushoto kinaisukuma hadi kwenye vidole vya miguu. Jumamosi nikanunua moyo wa mbuzi kwa bucha yetu hapa Kayole, maana nao una vyumba vinne, nikaupasua kwa kisu. Akatia kidole na kupima unene mwenyewe. Kisha tukaukaanga.

Ukurasa wa chakula tumboni ni bure. Wameweka vivuli tu, utumbo ukabaki bapa kama chapati. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hufika kama mita 6. Kamba yangu ya nguo ilimfunza zaidi.

Na gundi yao ni ya uongo. Wiki ya pili vali mbili za huo moyo, vile vilango vya kupitisha damu, zimeng'oka. Nilipokirudisha, muuzaji akaniambia kitabu kikishafunguliwa ni changu. Tumetumia seloteipu. Kama una mtoto mdogo nyumbani, kiweke juu ya kabati.

Juzi walikuwa na jaribio, mchoro ule ule bapa wa zamani. Mwalimu alimwona ameshika kifua muda mrefu, akamwendea na kumuuliza kama anaumwa. Kumbe anatafuta kushoto. Alipata yote sita.