Hali ya uchumi: tuisome ghalani au kwenye bei?

Ubishi huu hauishi sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Kwa wepesi, bei inashinda: NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi, ilhali mabadiliko ya akiba ya bidhaa huja ndani ya hesabu za pato la taifa, zisizotoka kila mwezi. Lakini ghala huonyesha kinachokuja. Magunia yakirundikana kwa kukosa wanunuzi, oda za kesho zitapungua. Ila ghala nalo huhadaa: mahindi yakijaa Mbozi baada ya mavuno, huo ni msimu, si mdororo, na wapo wanaolimbikiza makusudi wakisubiri bei ipande. Mwenye duka la rejareja, fuata bei. Unayenunua kwa jumla au kukopa mtaji, nakusihi uhesabu magunia kwanza, ulinganishe na mwezi uleule wa mwaka jana.