Duka la kuandika CV Chikongola, kwa muuguzi anayetoka chuoni

Nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga mwaka huu, na ndani ya miezi miwili nimelipia CV mara mbili hapa Mtwara mjini. Ya kwanza niliichana. Ya pili ndiyo ninayotembea nayo. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye swali lililoninyima usingizi: alama za chuo ziwekwe kwenye CV au zisiwekwe?

Duka la kwanza silitaji. Ni steshenari ya vijana, kompyuta tatu, kazi inatoka upesi, shilingi 3,000. Kijana alifungua CV ya mtu mwingine, akafuta jina, akaandika langu. Penye elimu akapanga masomo yote ya mwaka wa tatu, kila moja na herufi yake, ukurasa mzima, mpaka C yangu ya famakolojia ikakaa katikati ya karatasi. Nilipomtajia GPA yangu, yaani wastani wa alama zote, 3.2, akasema, "Dada, tuweke 3.5, huko hawaangalii." Nikakataa. Nikalipa, nikatoka, nikaichana nje.

Wanaangalia. Tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, ile inayoajiri kwa niaba ya serikali, linadai nakala za vyeti zilizothibitishwa, na linaonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Transkripti yako, ile karatasi ya chuo yenye matokeo yako yote, inasafiri pamoja na CV. Namba mbili zikipishana, anayesoma hana haja ya kukuita akuulize. Na kwa kazi yetu mimi naliona jambo zito kuliko hapo: anayepandisha namba kwenye karatasi leo, kesho ataandika presha ya mgonjwa ambayo hakuipima.

Duka la pili nilielekezwa na mama mdogo. Liko Chikongola, kwenye baraza la nyumba, meza moja, kompyuta moja, printa moja, na vitambaa vya kushona pembeni kwa sababu mwenyewe ni fundi cherehani pia. Ni mama wa makamo aliyefanya kazi masijala ya hospitali miaka mingi. Barua za maombi ya kazi zilipitia mikononi mwake kabla hazijafika kwa mkubwa yeyote, na unalihisi hilo tangu anapoanza kukuhoji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda. Hakuniuliza alama. Aliniuliza, "Mwanangu, umezalisha wangapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akanirudisha nyumbani nikalete kitabu changu cha mazoezi ya wodini, kile chenye saini za wasimamizi. Tukakaa nacho zaidi ya saa nzima. Alitaka kila wodi niliyopita, wiki ngapi, na nilifanya nini kwa mikono yangu chini ya usimamizi. Niliposema "nilikuwa leba", akanisimamisha: kuwa leba si kazi, hata mama anayejifungua yuko leba. Sema ulijaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ulizalisha, ulimpokea mtoto na kumweka kwenye kifua cha mama yake, ulimsaidia mama kunyonyesha saa ya kwanza. Kwa wodi ya watoto tukaandika kupima uzito na kukokotoa dozi kufuatana nao. Kwa kliniki ya mama na mtoto, chanjo na elimu kwa wajawazito. Nilikuwa nimeyafanya yote hayo nikiwa na sare ya mwanafunzi, na sikujua kwamba yanahesabika.

Juu kabisa, chini ya jina na simu, aliweka usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sababu yake ni kwamba bila leseni huruhusiwi kumgusa mgonjwa, hata uwe na A tupu. Ukisoma tangazo la Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II utaliona sharti hilo hilo la kusajiliwa na Baraza. Elimu ikafuata kwa mistari michache tu.

Hapo penye elimu ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka niweke A yangu ya ukunga peke yake. Akakataa kabisa: "Ukitaja moja, watauliza nyingine umezificha wapi." Msimamo wake ni kwamba GPA ya jumla huwekwa ikiwa inakubeba, na uandike ni kati ya ngapi, kwa kuwa namba isiyo na kikomo chake inamchanganya aliyesoma kwa mfumo wa zamani. Masomo moja moja yabaki kwenye transkripti. Kama GPA ni ya katikati kama yangu, CV ikae bila namba na transkripti iambatanishwe kama ilivyo. Niliogopa kwamba huko ni kuficha. Akanionyesha bahasha: transkripti ndiyo hii hapa, nyuma ya CV, imegongwa muhuri wa wakili, nani kamficha nani? Nikakubali. Mwenzangu mwenye 4.3 yeye aliiandika, na nadhani alifanya vizuri. Akishapata mwaka mmoja au miwili kazini ataiondoa, wodi zizungumze.

Wadhamini watatu alinikataza kuwaandika kabla sijawapigia simu. Mmoja awe inchaji wa wodi aliyekuona ukifanya kazi usiku. Nilimpigia wangu, akanikumbuka kwa zamu moja ya mvua.

Kasoro zipo. Bei ni 8,000 pamoja na nakala mbili, na kwa mtu asiye na kazi hiyo ni pesa. Umeme ulikatika tukiwa katikati, nikasubiri hadi alasiri. Neno moja la Kiingereza lilitoka limekosewa. Nililiona usiku kwa tochi ya simu, nikarudi asubuhi, akalirekebisha na kuchapa upya bila kudai hata senti. Kukujazia maombi ya mtandaoni kwenye Ajira Portal ya serikali hafanyi, hilo utalifanya mwenyewe. Na hana haraka: mwenye tangazo linalofungwa leo jioni asimwendee.

CV yangu ni kurasa mbili. Nimeipeleka Mtwara, Lindi na hospitali moja ya misheni huko bara, na kila sentensi iliyomo naweza kuisimulia mbele ya matroni bila kutazama karatasi.

Ukienda, fika kabla ya saa nne, wanafunzi wakija kuchapa kazi zao meza inajaa. Beba transkripti, leseni na kile kitabu cha mazoezi. Usipokuwa nacho atakurudisha.