Sola na upepo, au sola na jenereta?

Nyumba iliyo mbali na nguzo za umeme haiwezi kutegemea paneli peke yake wakati wa masika. Mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, betri inakwisha. Sola inahitaji msaidizi: pangaboi linalozungushwa na upepo kuzalisha umeme, au jenereta.

Upepo una hesabu kali. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Ikishuka nusu, inabaki sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana mitambo 365 imesimikwa karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, ambako upepo haukatiki ovyo. Pangaboi dogo juu ya paa lililozungukwa na miembe litazunguka tu bila kujaza betri. Mlingoti lazima uipite miti na mapaa. Kwenye uwanda wazi, kama Singida, mambo ni tofauti, na raha yake ni kwamba upepo huvuma hata usiku. Hata huko, pima kasi kwa mwaka mzima kabla ya kununua.

Jenereta ni nafuu kununua, ghali kulisha. Iwashe saa chache ijaze betri, kisha izime. Kuiacha ingurume usiku kucha kwa taa tatu ni kuchoma fedha. Tena isiwekwe ndani kamwe! Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa inayoua bila harufu.

Mimi ningeongeza paneli kwanza, kisha jenereta ndogo ya akiba. Upepo ningeuchagua pale tu vipimo vinaporidhisha na fundi wa kupanda mlingoti yuko karibu.