Kitufe cha kupakua msimbo: nyota tatu kati ya tano

Ofisi yetu iko Digo Road, ghorofa ya pili. Tunawaandikia programu mawakala wa forodha wa bandari ya Kilindini, Mombasa. Huduma hii ya kuhifadhi msimbo tumeilipia miaka minne sasa, na kwa mengi naisifu. Ila kitufe chake cha kupakua msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, kilituharibia Jumatatu nzima, na sipendi mwenzangu yamkute hayo.

Sijamaliza mahamri yangu, kijana ninayefanya naye kazi akapiga simu. "Dada, njoo haraka. Hili faili si lile. Naona tumeingiliwa." Mtambo wetu wa kujenga programu ulikuwa umegoma. Kuna maktaba moja, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, tunayoichukua kutoka kwenye huduma hiyo, toleo lile lile la tangu mwaka jana, na sasa cheksamu yake ya SHA-256, ile alama inayokokotolewa kutokana na faili zima, ilikuwa imegeuka. Herufi na tarakimu 64, zote ngeni. Mtambo haukukosea kugoma, maana cheksamu imewekwa ili ikibadilika hata baiti moja ya faili tupate kujua.

Tukasimamisha kila kitu. Bahati nzuri nakala ya zamani ilikuwa kwenye diski yangu. Nikazifungua zote mbili, nikazilinganisha kwa diff -r, amri ya kutafuta tofauti kati ya folda mbili: kimya, hakuna hata mstari mmoja uliotofautiana. Nikatoa mbano wa gzip (programu ya kubana faili) peke yake na kupima tar iliyobaki, yaani faili linalofunga mafaili mengi pamoja, cheksamu zikalingana. Kumbe tofauti yote ilikuwa kwenye ganda la nje.

Watu wa bandarini watanielewa upesi. Kontena likifunguliwa likaguliwe, hufungwa kwa sili mpya yenye nambari mpya. Shehena ni ile ile, lakini anayetazama nambari ya sili tu ataliona kontena geni.

Hakuna mahali huduma hii imeandika kwamba faili lile halikuwekwa popote likingojea kupakuliwa. Hutengenezwa kwa amri ya git archive, ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, pale mtu anapoliomba. Git hujitahidi: ukiipa komiti, yaani hali ya msimbo iliyohifadhiwa wakati fulani, huandika saa ya komiti hiyo badala ya saa ya sasa, ili tar itoke vile vile. Taabu iko kwenye kubana, kwa sababu data moja yaweza kubanwa kwa namna nyingi na zote zikawa sahihi. Git 2.38, ya Oktoba 2022, iliacha kuiita programu ya gzip ikaanza kubana yenyewe kwa maktaba iitwayo zlib. GitHub, huduma kubwa ya kuhifadhi msimbo, walipoingiza badiliko hilo tarehe 30 Januari 2023, mitambo ya watu wengi iligoma kama wetu, wakalazimika kurudisha utaratibu wa zamani siku hiyo hiyo.

Wala si gzip tu. Mradi ukibadilishwa jina, folda ya juu ndani ya tar yaweza kubadilika nayo. Mwenye mradi akitumia export-subst, mpangilio mmoja wa Git, kuandika kifupi cha nambari ya komiti ndani ya faili, kifupi hicho chaweza kurefuka kadiri mradi unavyokua. Halafu kuna tagi, jina la toleo linaloelekeza kwenye komiti fulani, iliyohamishwa kimya kimya hadi komiti nyingine. Hiyo ndiyo inayonitisha, kwani hapo msimbo wenyewe umegeuka, na cheksamu haikwambii ni lipi kati ya haya lililotokea. Lazima ufungue utazame, kama tulivyofanya sisi.

Kasi sina neno; faili hushuka kabla hujainua kikombe. Watu wa usaidizi walinijibu baada ya siku mbili, kwa adabu, wakakiri kwamba wamebadilisha njia ya kubana. Nyota moja nimekata kwa kutotangaza mapema, nyingine kwa kuwa karibu na kitufe hapana onyo lolote.

Siku hizi tunachukua faili ambalo wenye mradi wamelipakia wenyewe kwenye ukurasa wa toleo. Lisipokuwepo, tunatumia git clone, amri ya kunakili mradi mzima, na kushikilia nambari kamili ya komiti, na nakala tunaiweka kwenye seva ya ofisini. Jumatatu ile meli ya mteja ilikuwa imeshafunga gati tangu alfajiri, na karatasi zake tulizitoa saa kumi jioni. Wakiandika mstari mmoja tu chini ya kitufe hicho, nitarudi hapa kuongeza nyota.